Nafasi ya Kukimbia



Novemba 2019, wanariadha wanne wa Sudan Kusini na kocha wao waliaga ndugu na jamaa mjini Juba, wakapanda ndege kwenda Japani kujiandaa na Olimpiki ya Tokyo. Nawataja kwa majina kwa sababu walistahili kutajwa zaidi ya walivyotajwa: Abraham Majok Matet Guem wa mita 1500, Lucia Moris wa mbio fupi, Akoon Akoon Joseph wa mita 400 za kuruka viunzi, na Michael Machiek Ting Kutjang aliyekuwa akilenga Michezo ya Paralimpiki. Kocha wao alikuwa Joseph Rensio Tobia Omirok. Walikwenda kuishi Maebashi, mji wa mkoa wa Gunma, na mpango ulikuwa wakae huko mpaka michezo ianze Julai 2020.

Machi 2020 Olimpiki ikaahirishwa kwa mwaka mzima. Wiki hiyo hiyo serikali ya Sudan Kusini ikasimamisha safari za ndege za abiria. Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Juba, unaopokea watu kutoka Nairobi, Entebbe, Addis Ababa na Cairo, ukabakiwa na ndege za mizigo na za misaada. Wale watano wakawa wamekwama ughaibuni. Huku nyumbani nako, wenzao wa rika moja wakakwama mitaani mwao, tena bila uwanja, bila kocha, bila mtu wa kuwauliza hali.

Kwa hao wa huku nyumbani ndiko ninakotaka tuelekee. Katika janga lile la korona tulikosea juu ya mazoezi kwa namna mbili zinazopingana. Wako walioyaona kuwa anasa, kitu cha kukatwa kabla ya kingine chochote. Wako pia walioyafanya hirizi ya kufukuzia ugonjwa. Kote kuwili swali lililohitaji jibu halikuulizwa: mtu wa kawaida anyooshee wapi viungo vyake, na saa ngapi?

Tuanze na Juba yenyewe. Uwanja wake wa ndege haukujitenga na watu. Uko ndani ya mji, na barabara iendayo huko ni barabara ya kila siku, ya boda boda, ya akina mama wenye mabeseni ya biashara, ya magari makubwa meupe ya mashirika. Ukuta kwa ukuta na uwanja huo iko kambi ya Umoja wa Mataifa ya Tomping. Mapigano yalipozuka Juba usiku wa tarehe 15 Desemba 2013, maelfu ya watu walikimbilia kambi hiyo na nguo walizovaa, wengine na watoto mgongoni. Julai 2016 risasi zikarindima tena mjini na watu wakakimbia tena. Mtoto aliyekimbizwa mara ya kwanza akiwa na miaka kumi, korona ilimkuta ni kijana wa miaka kumi na sita.

Sasa mwambie kijana huyo, au mama yake, kwamba kukimbia barabarani alfajiri ni afya. Katika mji uliopitia hayo, mtu anayekimbia huwashtua wenzake. Watu husimama, hutazama nyuma yake kuona anakimbizwa na nini. Askari naye huangalia kwa jicho jingine. Mkimbiaji mwenye busara huchagua njia anayojulikana, huvaa jezi inayoonekana kwa mbali, na hukimbia na wenzake kundi zima ili ijulikane kuwa ni mazoezi. Kundi hilo ndilo lililokuwa ulinzi wake. Ikaja amri ya kutokusanyika, na ulinzi wake ukaondoka pamoja na mikusanyiko.

Sisemi amri ile ilikuwa mbaya. Sudan Kusini ilithibitisha mgonjwa wake wa kwanza tarehe 5 Aprili 2020, na hospitali zake zilikuwa dhaifu sana. Mei mwaka huo hata Makamu wa Kwanza wa Rais wa wakati huo, Riek Machar, alitangaza kuwa ameambukizwa, pamoja na mkewe Angelina Teny, aliyekuwa waziri wa ulinzi. Kufunga shule, kuzuia michezo na kuweka marufuku ya kutoka usiku kulikuwa na sababu. Ninacholalamikia ni kwamba mtu aliambiwa asifanye nini, lakini hakuambiwa afanye nini na mwili wake miezi yote hiyo. Mwanzoni marufuku ya kutoka ilikuwa saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Machi ni mwezi wa joto kali Juba, nyuzi 38 mchana si ajabu. Aliyezoea kutembea usiku baada ya chakula alizuiwa. Mchana jua halimruhusu. Kikabaki kipande kifupi cha asubuhi na kingine cha jioni, na vyote viwili ni saa za kuchota maji na kutafuta riziki.

Hapo najua msikilizaji wangu mmoja ananijibu: sisi watu wa kazi tunahitaji mazoezi gani? Mwanamke wa Gudele anayebeba ndoo ya lita ishirini, mpagazi wa uwanja wa ndege anayesukuma mizigo ya abiria juani kutwa, kijana wa Konyo Konyo anayepakua magunia, hawa unawaambia wapige pushapu? Hoja hiyo ni ya haki, na wataalamu wako upande wake. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya Novemba 2020, katikati ya janga. Linasema mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za shughuli ya kumtoa jasho la wastani, na mtoto wastani wa dakika 60 kwa siku. Linasema pia kwamba kila mwendo unahesabika: kazi, kutembea, kucheza, kufagia uwanja. Mama wa ndoo amekwishamaliza dakika zake kabla ya saa tatu asubuhi.

Lakini mpagazi, siku safari za abiria ziliposimamishwa, alipoteza mshahara na mwendo kwa pamoja. Mwanafunzi aliyekuwa akitembea kilomita tatu kwenda shule, na jioni akicheza mpira, alikalishwa nyumbani. Madarasa ya mitihani yalirudi Oktoba 2020, wengine wakangoja hadi Mei 2021. Zaidi ya mwaka mzima! Na karani wa ofisi, yule tunayemsifu kwa kitambi chake kwamba mambo yamemnyookea, alizidi kukaa. Kwetu unene bado ni heshima, na mtu mzima akikimbia anaonekana amejishusha. Korona ilikuja kwa ukali zaidi kwa watu wenye sukari, presha na uzito uliopita kiasi, na bado hatukuiacha fikra hiyo.

Majirani walihangaika vilevile. Uganda, Aprili 2020, Rais Museveni alipiga marufuku watu kufanya mazoezi nje, kisha akatoa video akiwa pekupeku ofisini kwake, anakimbia kutoka ukuta hadi ukuta, anapiga pushapu thelathini. Mzee wa zaidi ya miaka sabini kuonyesha kwa vitendo ni jambo jema, na watu wengi waliiga. Tatizo ni nafasi. Chumba kile kilikuwa kikubwa na kina zulia. Familia ya watu saba katika chumba kimoja cha mabati haina pa kukimbilia kutoka ukuta hadi ukuta, na nje ndiko walikokatazwa. Rwanda ilipofunga nchi Machi 2020, ile siku ya Kigali bila magari, iliyoanza 2016 na kuwatoa maelfu barabarani kwa mazoezi ya pamoja, ikasimama. Kenya, kambi za wakimbiaji kule Iten na Kaptagat zikafungwa, na hata bingwa wa marathoni Eliud Kipchoge akawa anakimbia peke yake.

Nje ya kwetu, nchi zilitofautiana sana. Uhispania iliwazuia watu wazima kufanya mazoezi nje mpaka tarehe 2 Mei 2020. Uingereza iliruhusu mara moja kwa siku tangu mwanzo. Ufaransa ilitoa saa moja, ndani ya kilomita moja kutoka nyumbani, na cheti mfukoni. Afrika Kusini ilizuia kabisa mwezi wa kwanza, halafu kuanzia Mei mosi ikatoa saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi, ndani ya kilomita tano. Mimi utaratibu wa Afrika Kusini wa mwezi Mei ndio niliouona una akili kwa miji yetu: saa inajulikana, umbali unajulikana, polisi anajua, mkimbiaji anajua, na hakuna haja ya karatasi.

Tanzania ilishika njia nyingine. Ligi Kuu ilisimama Machi 17, ikarudi Juni. Rais Magufuli, alipotangaza kuruhusu michezo, aliieleza kuwa sehemu ya kupambana na ugonjwa. Wengi walipenda kuyasikia hayo. Nchi ilikuwa na mwanzo mzuri tangu Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan akiwa Makamu wa Rais, alipozindua kampeni ya mazoezi ya Jumamosi ya pili ya kila mwezi, na Zanzibar ina Siku ya Mazoezi kila Januari mosi. Vikundi vya mbio za pole pole vya Temeke na Magomeni havihitaji kufundishwa na mtu. Ila kutoka hapo kwenda kusema kwamba anayefanya mazoezi hapati korona ni mruko mkubwa, na wapo waliouruka. Nimewasikia vijana wenye vifua vilivyojengeka wakisema barakoa ni za wavivu.

Sikilizeni utafiti unasema nini. Aprili 2021 jarida la Uingereza la tiba ya michezo lilichapisha uchunguzi wa wagonjwa 48,440 wa korona huko California. Waliokuwa hawafanyi mazoezi walikufa kwa kiwango cha karibu mara mbili na nusu ya wale waliokuwa wakitimiza dakika 150 kwa wiki kabla ya kuugua, na walilazwa hospitalini zaidi ya mara mbili yao. Tofauti hiyo si ndogo. Lakini shikeni hili: watu wote hao 48,440, wakimbiaji kwa wasiokimbia, waliambukizwa. Mazoezi hayakumfungia mlango mdudu. Yalimfanya aukute mwili una akiba ya kupigana naye, na akiba hiyo ilikuwa imewekwa miezi na miaka kabla, haikununuliwa wiki ya homa. Tena mahali pa kufanyia mazoezi pana uzito wake. Korea Kusini, mwanzoni mwa 2020 katika mji wa Cheonan, watu 112 waliambukizwa kupitia madarasa ya mazoezi ya kucheza muziki, wamebanana ndani ya vyumba, wanahema kwa nguvu. Nje kwenye upepo, umbali wa hatua chache, hatari hushuka sana. Basi ukikataza watu uwanja wa wazi, wengine watajifungia chumbani na wenzao kumi wacheze huko huko, na hapo umewapeleka penye ugonjwa kwa mkono wako.

Nikiwa kwenye ukumbi wa kuondokea wa uwanja wa ndege wa Juba, janga likiwa bado halijaisha, niliona jambo lililonifunza zaidi ya makala nyingi. Ndege ilikuwa imechelewa. Abiria wote tulikuwa na vyeti vya kipimo mkononi, barakoa zimelowa jasho, viti vimejaa. Mzee mmoja, mrefu, amevaa jalabia nyeupe, akainuka, akashika mgongo wa kiti na kuanza kunyanyua visigino, juu, chini, juu, chini. Akamaliza, akatembea hadi ukutani akarudi, akaanza upya. Watu wakaanza kumkwepa. Mmoja akavuta begi lake pembeni, akidhani mzee ana homa inamsumbua. Dada mmoja aliyekaa karibu nami akamwambia kwa upole:

"Mzee wangu, shikamoo. Si ukae hapa, mimi nisimame?"

"Marahaba, mwanangu. Kaa tu. Mimi nina sukari. Daktari amenikataza kukaa saa nzima bila kuinuka, miguu inakufa ganzi."

Dada akanyamaza kidogo, akasema baba yake naye ana sukari, na tangu korona iingie hatoki nje ya geti, anaogopa. Mzee akasimama kumsikiliza. Akamwuliza nyumba yao ina uwanja? Ina uwanja mdogo. Basi, akamwambia, mzungushe humo baba yako asubuhi na jioni, uende naye wewe mwenyewe, usimwachie msichana wa kazi, maana akienda na mwanawe haoni kama ni adhabu. Akaendelea na visigino vyake.

Yule mzee alikuwa anatumia hatua chache za ukumbi uliojaa, na bado alitazamwa kama mwenye kasoro. Sikuwalaumu wale waliovuta mabegi, hofu ilikuwa kubwa siku zile na kila kikohozi kilitushtua. Lakini fikiria ni wangapi waliacha kutembea kwa sababu ya macho ya watu tu. Mgonjwa wa sukari anayekalishwa miezi mitatu kwa kuogopa korona anapandishwa sukari, na korona ikimpata inamkuta hali yake imeharibika. Vituo vya afya vilitangaza sana habari ya kunawa mikono na barakoa, na vilifanya vyema. Habari ya kumwinua mzee wako kitini haikutangazwa hata robo ya hizo.

Turudi Maebashi. Wakazi wa mji ule hawakuwarudisha wageni wao. Manispaa iliwapa malazi na chakula, wakufunzi wa kujitolea wakaja uwanjani, asubuhi wakasoma Kijapani na kompyuta. Fedha zilipotakiwa, Wajapani wakachanga kupitia utaratibu wao wa kuelekeza sehemu ya kodi kwenye mji wanaoupenda, zikapatikana zaidi ya yeni milioni 30. Haya yalifanyika wakati dunia nzima inafunga milango. Mji wa kawaida, wenye wagonjwa wake na hofu zake, uliamua kwamba wageni watano wa nchi ya mbali waendelee kupata uwanja, viatu na saa maalumu ya mazoezi.

Pima hilo na yaliyowapata Wasudan Kusini wengine. Pale Ngong, nje ya Nairobi, Tegla Loroupe, mwanariadha wa zamani wa Kenya, alikuwa na kambi ya wakimbiaji wakimbizi, wengi wao vijana wa Sudan Kusini waliotolewa kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Humo walikuwamo Rose Nathike Lokonyen, aliyebeba bendera ya timu ya wakimbizi Rio 2016, na Anjelina Nadai Lohalith na James Nyang Chiengjiek. Korona ilipoingia Kenya kambi ikafungwa na wakimbiaji wakatawanywa, wengine wakarudi Kakuma kwenye jua na vumbi, kukimbia peke yao. Mwaka mmoja baadaye waliotajwa hapa walikuwa Tokyo wakishindana na watu waliozoea uwanja wa tartani. Ukiniuliza mashujaa wa riadha wa mwaka ule, mimi nitawataja hao kabla ya washindi wa medali.

Abraham Guem alikimbia mita 1500 Tokyo Agosti 2021 kwa dakika 3 sekunde 40.86, rekodi ya taifa lake. Lucia Moris aliumia katikati ya mchujo wa mita 200, akaanguka, akatolewa uwanjani kwa msaada, na machozi yake yaliwaliza wengi waliokuwa wakitazama. Ni hao wawili tu waliovaa jezi ya Sudan Kusini katika Olimpiki ile. Na mpira wa kikapu nao ulipata mlango katika kipindi hicho hicho: Novemba 2020 Algeria ilijiondoa kwenye mchujo wa AfroBasket kwa sababu ya korona, Sudan Kusini chini ya shirikisho lililoongozwa na Luol Deng ikaitwa kuziba nafasi, ikafuzu, na ndani ya miaka minne ikawa imecheza Kombe la Dunia na Olimpiki ya Paris. Wachezaji wengi wa timu ile walilelewa na kufundishwa nje, Australia, Marekani, Kenya, Uganda. Walikuwa na viwanja vya kuchezea walikokulia. Vipaji vya Juba vilikuwapo pia, Machi 2020, vimekaa barazani vinangoja amri iondolewe.

Mlipuko mwingine utakuja. Ebola imewahi kuzuka Sudan Kusini yenyewe, kule Nzara na Maridi mwaka 1976, na mpaka wa Congo na wa Uganda uko karibu. Kamati za dharura zitaundwa tena, zitakaa, zitaandika orodha ya vya kufunga. Ninaziomba ziandike na orodha ya vya kuacha wazi. Zitaje viwanja vya kila kata kwa majina, na saa zake, asubuhi za wazee na wagonjwa wa sukari, jioni za watoto kwa makundi madogo yanayojulikana. Ziwaambie askari mapema kwamba kijana mwenye jezi anayekimbia saa kumi na mbili asubuhi ana ruhusa. Na kabla ya hayo yote, viwanja vyenyewe viwepo. Juba kila mwaka kipande cha wazi kinazungushiwa mabati, kesho yake matofali yanamwagwa. Ofisi za ardhi za mji zianze leo kwa kuvipima viwanja vilivyobaki na kuvipa hati za umma, kabla mtu mwingine hajamwaga matofali juu ya goli la watoto.